Vinywaji Vimo Ndani ya Nauli: Muislamu na Boti ya Jioni

  

Mwezi uliopita, baada ya darasa la Alasiri hapa Buzebazeba, binti mmoja wa Juzuu Amma alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, kama afanyavyo mtoto mwenye neno zito kifuani. Kisha akatuuliza: "Ustadhi, baba yangu anakunywa pombe?"

Tukamwambia kwamba hatujui juu ya baba yake ila kheri, na tukamuuliza amelitoa wapi jambo hilo. Akasema ameona picha katika simu ya mama yake. Baba yumo ndani ya boti, anacheka, na meza iliyo mbele yake imejaa chupa za bia. Tukamwambia kuwa huenda baba alikuwa na soda yake. Mtoto akafikiri kidogo, akasema: "Sasa alikaa nao kwa nini?"

Swali la kwanza tuliweza kulijibu palepale. La pili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Baba huyo ni mtu wa safu ya kwanza msikitini. Tumeketi naye, naye ametupa idhini tuyasimulie haya bila ya kumtaja jina. Kazini kwake kulikuwa na warsha ya siku tatu, na siku ya mwisho waandaaji waliwapeleka washiriki ziwani ili watazame jua likizama. Katika karatasi ya ratiba iliandikwa kwamba usafiri, vitafunio na vinywaji vimo. Yeye alichukua soda ya machungwa akakaa ubavuni mwa boti akiyatazama maji. Mwenzake mmoja akasema neno la kuchekesha, mwingine akapiga picha, na soda ikafichwa na mkono wa mtu. Picha ikaingia katika kundi la simu la wafanyakazi, ikafika nyumbani kabla mwenyewe hajafika.

Na tuanze na lile lisilokuwa haramu, maana katika jamaa zetu wapo ndugu wenye ghera njema ambao wakisikia neno "matembezi" hukunja uso. Kupanda boti jioni kwenda kuyatazama maji si maasi. Ziwa letu lina urefu wa kilometa zipatazo 673 na kina kinachofikia mita 1,470, wala hakuna ziwa duniani linalolishinda kwa kina ila Baikal lililoko Urusi. Nchi nne zinalichangia, lakini sisi tulioko ufuko wa mashariki tumepewa kitu ambacho ndugu zetu wa Kalemie na Uvira hawanacho: jua huzama mbele ya macho yetu, nyuma ya milima ya Kongo, na maji yote kati yetu na milima hiyo hugeuka rangi. Kisha taa za wavuvi wa dagaa huanza kuwaka moja moja hadi ziwa likawa kama mji. Qur'ani Tukufu imezitaja merikebu zipitazo majini kuwa miongoni mwa ishara za Allah, tena si mahali pamoja. Mwenye kukaa Kigoma miaka arobaini bila ya kuitazama ishara hiyo kutoka majini hajaongeza ucha Mungu wowote kwa kukaa kwake nchi kavu.

Kwa hiyo maneno yetu hayahusu ziwa, hayahusu boti, wala hayahusu jioni. Yanahusu hayo maneno mawili yaliyoandikwa mwisho wa karatasi: vinywaji vimo.

Biashara hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Zanzibar, kuanzia mbele ya Forodhani hadi Nungwi na Kendwa, mashua hutweka tanga jioni zikiwa na wageni, na mara nyingi bia na mvinyo huhesabiwa humohumo katika bei. Jinja, nchini Uganda, pale Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Viktoria, boti za machweo huelea mtoni na vinywaji vyake. Mombasa yamejulikana kwa miaka mingi majahazi mawili ya chakula cha usiku, moja likiitwa Nawalilkher na jingine Babulkher. Msomaji anayejua Kiarabu na ayasome majina hayo tena: la kwanza ni kuipata kheri, la pili ni mlango wa kheri. Aliyeyapa majina hayo bila shaka alikuwa akiomba dua. Leo wageni hukaribishwa humo kwa bilauri za kileo, na dua ingali imeandikwa ubavuni.

Majina yana mambo yake. Kiko kinywaji ambacho mahoteli ya Kenya na ya visiwani hukiuza sana kwa watalii, nacho ni vodka iliyochanganywa na ndimu, sukari na asali. Jina lake ni "dawa". Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mmoja wa swahaba zake kuhusu mvinyo, akamkataza. Yule swahaba akaeleza kwamba anautengeneza kwa ajili ya matibabu tu. Akajibiwa kuwa huo si dawa bali ni ugonjwa. Tena alikwisha kutuonya kwamba watatokea watu katika umma wake watakaohalalisha ulevi kwa kuupa jina lisilokuwa lake. Basi tukisikia pombe ikiitwa dawa kwa Kiswahili chetu wenyewe, na mtumishi anayeileta juu ya sinia anaitwa Juma au Ramadhani, tusidhani kwamba onyo lile lilikuwa la watu wa mbali. Na hilo neno "vinywaji" lenyewe ni katika mlango huohuo. Maji ni kinywaji, maziwa ni kinywaji, na chai ya tangawizi ni kinywaji. Aliyeandika ratiba angeandika "pombe imo ndani ya nauli", nusu ya Waislamu waliokuwamo wangeuliza. Aliandika vinywaji, hakuna aliyeuliza.

Sasa tuitazame nauli yenyewe, kwani hapa ndipo wengi wetu hujidanganya. Muislamu husema: "Mimi nitakunywa soda yangu, bia ni ya wao." Maneno haya yangekuwa sahihi lau kila mtu analipia anachokunywa. Lakini katika nauli ya namna hii hakuna cha wao na cha mimi. Mwenye boti hukaa chini akapiga hesabu: mafuta kiasi fulani, wafanyakazi kiasi fulani, na vinywaji kiasi fulani kwa kila kichwa. Anajua kwamba huyu atakunywa chupa tano, yule mbili, na mwingine soda moja tu. Hugawanya sawasawa. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: nauli ni shilingi 60,000, na katika hizo 20,000 ni za vinywaji. Aliyekunywa soda ya shilingi elfu moja amelipa elfu ishirini. Zile elfu kumi na tisa zimekwenda wapi? Zimekwenda katika chupa ya nne na ya tano ya jirani yake. Muislamu mwenye soda ndiye mfadhili wa mlevi, tena ndiye mfadhili mzuri kuliko wote, kwa kuwa hachukui chake.

Wanazuoni wa Kishafi wana mlango katika vitabu vya biashara uitwao tafriiq as-safqa, yaani kuugawa mkataba mmoja. Imamu Nawawi ameutaja katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha vizazi na vizazi. Mfano wao ni wa mtu aliyeuza siki na mvinyo pamoja kwa bei moja. Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu ni kwamba biashara inasihi katika siki kwa fungu lake la bei, na inabatilika katika mvinyo. Tunapokisoma kifungu hiki kwa vijana, baadhi yao hucheka, maana huona ni mfano wa kale usiokuwa na mahali. Ni nani siku hizi anayeuza siki na mvinyo kwa bei moja? Kumbe ndiyo nauli ya boti ya jioni, herufi kwa herufi. Siki ni kiti na upepo, mvinyo ni mvinyo.

Na faida ya mlango huo ni kwamba unatuonyesha njia. Bei inaweza kugawanywa. Kabla ya kulipa, Muislamu aseme kwa adabu: "Mimi situmii kileo, nitolee fungu lake." Hatuoni aibu ndani yake. Mtu asiyekula nyama huuliza, mgonjwa wa sukari huuliza, na mwenye watoto huulizia nauli ya watoto. Mfanyabiashara naye hapendi kumpoteza mteja kwa neno dogo. Akikataa, akasema bei ni moja, basi amekwisha kukujulisha kwamba unanunua usichokitaka kwa ajili ya usiyemjua, na Mtume (s.a.w.) ameitaja laana juu ya watu kumi kwa sababu ya ulevi, akiwemo mwenye kuununua na mwenye kununuliwa.

Ndugu yetu wa picha hakulipa nauli, waliolipa ni waandaaji. Lakini katika kamati zinazoandaa warsha hizi wamo Waislamu, tena wengine ndio wenye kutia sahihi. Hao hawawezi kusema kuwa hawakuwa na neno. Penye mstari wa vinywaji wangeweza kuandika maji, soda na juisi, na warsha isingeharibika.

Lakini hata bei ikigawanywa, bado kimebaki kikao, na kikao hakigawanyiki.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae katika meza ambayo ulevi unazungushwa juu yake. Katika tafsiri ya aya ya 140 ya Suratun Nisaa, Imamu Qurtubi ametaja habari ya Khalifa Umar bin Abdul-Aziz kwamba aliwakamata watu waliokuwa wakinywa, akaambiwa kuwa mmoja wao amefunga. Hakumwacha kwa saumu yake, bali alimtia adabu pamoja nao, akaisoma aya hiyo. Tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza tukiwa wanafunzi, tuliona ni kali. Mtu amefunga, hata maji hajaonja! Tulipoulizwa na mtoto wa miaka tisa, "Sasa alikaa nao kwa nini?" tukafahamu. Wapitao wanakiona kikao, hawaioni saumu iliyo tumboni. Katika picha ile soda haikuonekana.

Hatumfananishi ndugu yetu na wale waliokamatwa. Khalifa alikuwa na mamlaka ya hukumu, sisi tuna kalamu tu. Tena ndugu yetu ana udhuru ambao yule mfungaji hakuwa nao. Aliyemo chumbani akiona chupa zinafunguliwa husimama, akavaa viatu, akatoka. Aliye katikati ya Ziwa Tanganyika atatoka aende wapi? Katika udhuru huohuo ndimo lilimo jambo kubwa la makala haya. Boti si hoteli. Ukiwa hotelini unaweza kujirekebisha baada ya dakika tano, lakini katika boti uamuzi wote hufanywa nchi kavu, kabla kamba haijafunguliwa. Ikishafunguliwa, umekubali saa mbili za kila kitakachotokea humo. Mwenyewe alitwambia: "Ustadhi, nilipoona kreti zinapakiwa nilijua. Nikaona haya kushuka mbele ya bosi wangu." Tunamshukuru kwa ukweli wake. Haya yale ya gatini, ya dakika moja tu, ndiyo iliyomletea haya ya nyumbani, na hii haijesha.

Tena liko jambo la Maghrib, ambalo linasahauliwa hata na wale wanaolikumbuka la pombe. Boti ya machweo, kwa maana yake, inakuwa majini jua linapozama. Hapa kwetu jua huzama karibu na saa moja, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, na wakati wa Maghrib ni mfupi. Safari yenyewe haifiki masafa ya kukusanya wala kupunguza swala. Swala ndani ya chombo inasihi, na fiqhi imeieleza vizuri, lakini atasimama wapi na muziki unapigwa na sitaha ina bia iliyomwagika? Wengi hurudi saa mbili wakajiambia kuwa watalipa. Kwa hiyo saa ambayo muadhini wa Ujiji anaita ndiyo saa iliyouzwa.

Hatupendi kuwatisha watu kwa maafa ya wenzao, lakini yako mambo ambayo mwenye kupanda boti ya starehe hapaswi kuwa hayajui. Jioni ya tarehe 24 Novemba 2018 boti iitwayo MV Templar, iliyokuwa imebeba watu waliokwenda kustarehe kwa muziki na vinywaji, ilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, Uganda. Walikufa watu zaidi ya 30, wakiwamo mwenye boti na mkewe. Polisi walisema ilipakia kupita uwezo wake, wala haikuwa na leseni. Hatusemi kwamba walikufa kwa sababu ya ulevi, elimu hiyo iko kwa Allah, na chombo kikipakia kupita kiasi huzama hata kikiwa kimebeba mahujaji. Tunasema tu kwamba aliyelewa havai jaketi la kujiokolea akiambiwa, hakai upande wake akiambiwa, na usiku majini hapana nafasi ya kuambiwa mara mbili.

Sasa tumfikie mtu mwingine ambaye suala lake ni zito zaidi kuliko la msafiri.

Kijana mmoja aliyehitimu madrasa yetu alikuwa mvuvi Kibirizi. Mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi katika upande wetu wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, alikaa nyumbani bila ya kazi. Hatuilaumu hatua ile, maana migebuka na dagaa walikuwa wamepungua na kila mvuvi alilijua hilo. Lakini tumbo halifungwi kwa tangazo. Kijana akapata kazi katika boti inayotembeza wageni. Kwanza alishika mashine. Siku zilivyokwenda akaambiwa abebe kreti, kisha afungue chupa, kisha apite na sinia. Alitujia usiku baada ya Isha akauliza: "Mshahara wangu ni halali?"

Tulimweleza tuliyosomeshwa. Katika wale kumi waliotajwa wamo mbebaji na mwenye kunywesha, na jumhuri ya wanazuoni wamekataza kujiajiri kuubeba ulevi kwa ajili ya kunywewa. Kwa uadilifu wa elimu tulimtajia pia kwamba Imamu Abu Hanifa ana kauli inayomruhusu Muislamu kuchukua ujira wa kumbebea asiyekuwa Muislamu, na kwamba wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye. Hatukumtajia ili aikimbilie. Tulimtajia kwa sababu kuna watu watakaomtajia nusu yake. Kisha tukapambanua baina ya kazi zake. Kuendesha mashine ya chombo kinachobeba watu ni kazi ya asili yake halali, na dhambi ya abiria iko mbali na mkono wake, japokuwa kujiepusha ni bora. Kufungua chupa na kumimina, huo ni mkono wake mwenyewe. Tukamwambia aache sinia kuanzia kesho, aombe kurejeshwa kwenye mashine, na akikataliwa aondoke.

Alisikiliza hadi mwisho. Akashukuru, akasimama, akasema kwa sauti ya chini: "Mmenipa hukumu, ustadhi. Kazi hamjanipa."

Ndugu Waislamu, sisi tumesoma miaka mingi kwa Kiarabu, na hatukukuta katika vitabu jibu la maneno hayo. Hukumu tuliyompa ni sahihi, wala hatuirudishi nyuma. Lakini jamaa inayotoa hukumu kila Ijumaa, na haina hata boti moja ambayo kijana wake anaweza kuiendesha bila ya kubeba kreti, imefanya nusu ya kazi yake.

Tulipokuwa masomoni Khartoum tuliuona mfano mwingine, ingawa wakati ule hatukuupa uzito. Sudan ilikataza pombe kwa sheria za Septemba 1983, na shehena za ulevi zikamwagwa katika Mto Nile mbele ya watu. Hatusemi kwamba mji ulitakasika. Araki ilipikwa kisirisiri, na kila mwanafunzi alijua mitaa yake. Lakini mtoni jioni ulikuta kitu ambacho hapa kwetu hatunacho. Katika Barabara ya Nile akina mama walikaa na majiko yao wakiuza chai ya maziwa, chai ya nanaa na lugeimati za moto, watu wakikaa juu ya vibao vifupi wakitazama maji. Karibu na Mogran, pale Nile ya Buluu inapokutana na Nile Nyeupe, boti zilizunguka upande wa kisiwa cha Tuti zikiwa na familia nzima, babu mbele na watoto nyuma, birika la chai katikati. Maghrib ikiingia, waliokuwa ufukweni waliswali palepale ukingoni, na boti zikasogea. Hakuna aliyehubiri. Hakuna aliyeona kwamba anafanya mbadala wa jambo fulani. Ilikuwa jioni tu.

Tangu tarehe 15 Aprili 2023 vita vimeupita mji ule, na wengi katika wale tuliokunywa nao chai wametawanyika. Allah awarehemu waliokufa na awarejeshe walio hai majumbani kwao. Tunapoukumbuka mto wao tunajiuliza sisi wa Buzebazeba tumezuiwa na nini. Kahawa ya Ujiji haihitaji sifa zetu. Migebuka ya kukaanga ipo, mawese yapo, tangawizi ipo. Ziwa ni letu kwa upana wote ambao macho yanafika. Lakini tumeiacha saa ile nzuri ya siku iwe ya wenye kreti, kisha tunawalaumu vijana wetu kwa kuonekana humo.

Kwa hiyo wiki iliyopita tulikwenda gatini, sisi na wazee wawili wa msikiti, tukazungumza na mwenye boti mmoja. Tulitarajia ubishi. Kumbe alikuwa na malalamiko yake: wageni huja kwa msimu, na siku nyingi za wiki boti yake imefungwa gatini ikipigwa na mawimbi bure. Tulipomuuliza kuhusu nauli bila ya pombe, alikokotoa kwenye simu yake, akatutajia bei pungufu kwa zaidi ya robo. Akatwambia kwamba kwa miaka yote aliyofanya kazi hii hajapata kuulizwa na Muislamu bei hiyo. Anawaona wanapanda, anawaona wanachukua soda, akadhani wameridhika.

Tumekubaliana naye mambo machache. Boti itoke baada ya Alasiri na irudi ufukweni kabla ya jua kuzama, ili Maghrib iswaliwe mchangani na machweo yatazamwe kutoka hapo. Idadi isizidi ile iliyoandikwa katika cheti chake cha TASAC, na kila mtu, hata mzee mwenye kanzu, avae jaketi. Akina mama wamepewa siku yao, na wao ndio watakaopanga chakula. Katika hilo hatuna neno. Mwenye boti anataka tumletee mtu wetu wa mashine anayelijua ziwa usiku na mchana, kwa kuwa wake wa zamani amehama. Tumempeleka yule kijana. Ameanza kwa siku mbili za wiki, na siku mbili hazitoshi kulisha nyumba, hilo tunalijua. Siku nyingine bado yuko kule kwenye mashine ya boti ya wageni, na sinia ameiacha. Amepunguziwa mshahara kwa ajili hiyo.

Safari ya kwanza itakuwa Jumamosi ijayo, inshaallah. Nafasi zilizobaki ni chache. Binti yule wa Juzuu Amma ametuuliza kama watoto watalipa nusu, nasi tumemwambia akamuulize baba yake, kwani ndiye aliyekabidhiwa kukusanya nauli.